Ukumbi wa kata wa mita 20 kwa 12: sauti inavuma, projekta haionekani mchana, taa zinapepesa. Tuanzie wapi?

Mlezi_wa_Ukumbi

Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri wa wanaojua mitambo ya kumbi.

Ukumbi wetu wa kata upo Tanga mjini, karibu kabisa na bahari. Urefu mita 20, upana 12, dari ya jipsamu mita 4.5. Kuta ni tofali zilizopigwa plasta, chini marumaru, madirisha ya vioo pande zote mbili, feni sita za dari. Ukijaa ni watu 200, ila mikutano mingi ina watu 60 hivi. Unatumika kwa mikutano ya mtaa, vikoba, semina za afya zenye slaidi, mahafali ya chekechea, na Jumamosi harusi na kicheni pati.

Vilivyopo: spika mbili za inchi 15 zenye amplifaya ndani, zimekaa chini pembeni ya jukwaa. Miksa ya chaneli 8. Maiki nne zisizo na waya, za mtumba. Projekta ya lumeni 3000 juu ya meza, skrini ya upana wa mita 3. Tyubu laiti 16 za futi nne, nusu zinapepesa.

Waliokaa nyuma wanasikia kelele lakini hawapati maneno. Tukiongeza sauti, maiki zinalia. Slaidi za mchana hazisomeki, na waya wa HDMI wa mita 20 unakata picha. Laptop ikiwekwa chaji, spika zinaunguruma. Kamati inataka spika mbili za inchi 18 na projekta ya lumeni 5000, basi bajeti imekwisha. Ni uamuzi sahihi?

---

Fundi_Mwangwi

Mkuu, spika za inchi 18 zisinunuliwe. Shida yenu si udogo wa sauti. Sauti ipo ya kutosha, ila haifi. Simama jukwaani ukumbi ukiwa mtupu, piga kofi moja la nguvu, usikilize. Kofi linagonga ukuta wa nyuma na kurudi, safari ya mita 40, kama milisekunde 115. Hapo sikio linalisikia kama pigo la pili kabisa. Juu yake kuna mvumo unaozunguka kwenye plasta, marumaru na dari, vitu ambavyo havinyonyi karibu chochote.

Kwa hesabu: ujazo wa ukumbi ni mita za ujazo 1,080, na nyuso zote kwa pamoja ni mita za mraba 768. Nyuso ngumu hivyo hunyonya karibu asilimia 5 tu ya sauti, sawa na mita za mraba 38 za unyonyaji. Kanuni ya Sabine ni 0.161 mara ujazo, gawa kwa unyonyaji, unapata sekunde 4.5. Yaani silabi inachukua sekunde nne na nusu kufa, na msemaji keshatoa nyingine ishirini juu yake. Watu 60 wanaishusha hadi sekunde 2.7, watu 200 hadi 1.4. Ndiyo maana mkutano mkubwa husikika vizuri kuliko mdogo. Kwa maneno tafuteni sekunde 1 hadi 1.5.

Mnachohitaji ni paneli. Fremu za mbao za inchi 2 kwa 2, ukubwa wa sentimita 120 kwa 60, ndani pamba ya madini ya unene wa milimita 50, ile inayowekwa darini kuzuia joto, yenye uzito wa kilo 50 hadi 60 kwa mita ya ujazo. Nyepesi sana hunyonya kidogo. Juu yake kitambaa kinachopitisha hewa: weka mdomo upande mmoja upulize, kama huhisi pumzi kwenye kiganja upande wa pili, kitambaa hicho kitairudisha sauti. Kitenge chembamba kinafaa, turubai halifai. Acha nafasi ya sentimita 5 kati ya paneli na ukuta, hapo zinanyonya hadi sauti nzito kidogo. Mbao zipakwe dawa ya mchwa kabla ya kufungwa. Anayejaza pamba avae glovu na barakoa.

Paneli 56 ni mita za mraba 40. Ongeza mapazia mazito kwenye madirisha, mita za mraba 24, yakunjwe na siyo kunyooshwa kama shuka. Watu 60 wakikaa mnashuka kutoka sekunde 2.7 hadi 1.5. Anzeni na sehemu kubwa ya ukuta wa nyuma, zinazobaki zisambazwe kuta za pembeni kuanzia urefu wa kichwa cha aliyekaa kwenda juu.

Tafadhali sana, msibandike trei za mayai. Hazinyonyi chochote cha maana kwenye sauti ya mtu. Na msiweke sponji ya godoro: inashika moto haraka na moshi wake unaua watu kabla moto haujawafikia. Ukumbi wa watu 200 si mahali pa kujaribu.

Sasa spika. Inchi 15 iliyokaa sakafuni inampigia makelele wa mstari wa mbele, na wa nyuma anabakia kupokea mwangwi. Chukueni spika nne nyembamba ndefu za nguzo. Mbili ukutani mbele, mita 2.3 kutoka chini, zimeinamishwa kidogo kuwaelekea watu, si dari. Nyingine mbili kuta za pembeni, mita 11 nyuma ya zile za kwanza, zikielekea nyuma. Hizi za pili lazima zicheleweshwe. Kwenye joto letu sauti inakwenda karibu mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo mita 11 ni milisekunde 32. Wekeni 42, ili sikio liamini sauti inatoka kwa msemaji. Zikiachwa bila kuchelewesha, aliye katikati ya ukumbi atasikia kila neno mara mbili. Miksa nyingi za kidijitali zina kichelewesho kwenye njia za kutolea sauti, hakikisheni kabla ya kununua; hiyo yenu ya chaneli 8 huenda haina.

---

Taa_na_Kivuli

Naongezea upande wa picha na taa, na jibu langu linafanana na la Fundi: projekta mpya pekee haitawaokoa.

Skrini ya upana wa mita 3 kwa kipimo cha 16:9 ni mita za mraba 5. Lumeni 3000 inatoa kama laksi 590 juu yake (laksi ni lumeni zinazoangukia kila mita ya mraba). Mwanga wa dirishani unaoangukia skrini mchana ukiwa laksi 300, sehemu nyeupe ya slaidi inakuwa na mwanga mara tatu tu ya sehemu nyeusi. Kusoma maandishi kunahitaji mara 15, kuangalia tu picha mara 7. Mkinunua ya lumeni 5000 bila kugusa madirisha mtafika mara nne na kitu, na pesa zimekwenda. Mkifunga mapazia hadi mwanga unaoangukia skrini ushuke laksi 40, hata hiyo ya 3000 inasomeka. Mapazia ya Fundi yanafanya kazi mbili hapo, basi yachaguliwe ya rangi ya giza upande wa dirishani, na yapitilize dirisha sentimita 15 kila upande.

Kabla ya yote fungua menyu ya projekta uangalie saa za taa yake. Maisha ya taa yanayoandikwa kwenye boksi ni muda ambao mwanga unashuka hadi nusu. Kama imeshafika huko, mna lumeni 1500, si 3000. Na safisheni kichujio cha hewa: vumbi likikiziba, joto linapanda na taa inakufa mapema.

Projekta itoke mezani ipande dari. Zidisha upana wa skrini kwa uwiano wa lenzi (throw ratio), ukiwa 1.5, ikae mita 4.5 kutoka skrini. Ikae katikati na wima kwa skrini, msirekebishe picha iliyopinda kwa kitufe cha menyu, maana kinakata pikseli na herufi zinakuwa na ukungu. Hakikisheni mkondo wa mwanga haupiti kwenye mapanga ya feni.

Waya wa HDMI wa shaba wa mita 20 kwa kawaida hauaminiki. Wekeni wa nyuzi za mwanga. Una kichwa cha chanzo (laptop) na kichwa cha skrini (projekta) vilivyoandikwa, ukiugeuza haufanyi kazi kabisa, kwa hiyo jaribuni chini kabla ya kuupitisha darini. Msiukunje kwa kona kali. Kingine, kimo cha skrini yenu ni mita 1.7, na maandishi ya kawaida yanasomeka hadi mara sita ya kimo, yaani mita 10. Watu 60 pangeni viti ndani ya mita hizo. Semina kubwa zaidi inataka runinga mbili za inchi 75 kwenye kuta za pembeni, mita 10 kutoka mbele. Hizo zinasomeka mita 5 na nusu nyingine.

Taa. Paneli 36 za LED za wati 40, lumeni 4000 kila moja, zinawapa karibu laksi 290, inatosha kusoma na kuandika. Zipangwe safu 6 za taa 6, na kila safu iende upana wa ukumbi, sambamba na skrini, ikiwa na swichi yake. Mafundi wengi hupitisha waya kwa urefu wa ukumbi kwa sababu ni rahisi, halafu ukizima taa za mbele ili slaidi zionekane, nusu nzima ya ukumbi inaingia giza na watu hawawezi kuandika. Mchoro huo umkabidhi fundi kabla hajatoboa dari.

Taa isikae juu ya mapanga ya feni. Panga linakatakata mwanga na meza nzima inapepesa. Mtu anaumwa kichwa bila kujua sababu. Ihamisheni taa pembeni ya duara la feni hata kama mstari utapinda kidogo. Kama mtabakiza fremu za zamani na kuweka tyubu za LED, fuateni mchoro wa waya unaokuja na tyubu: kwa nyingi stata hutoka, na choki ya kielektroniki hurukwa.

Jukwaani wekeni taa nne za joto la rangi 4000K zenye uwezo wa kuonyesha rangi (CRI) wa 90 na zaidi, zikimulika kwa nyuzi 45 kutoka juu na pembeni. Zile za rangirangi zinapendeza harusini, lakini uso wa mtu mweusi chini ya bluu unapotea kabisa kwenye picha. Kila taa inayoning'inia ifungwe kebo ya chuma ya usalama, mbali na skrubu yake.

---

Sabufa_Tanga

Sawa wakuu, ila harusi bila besi haiendi. Spika za nguzo zitawafukuza wapangaji.

---

Fundi_Mwangwi

Ni kweli, spika za nguzo hazipigi besi. Ila mwenye harusi huja na DJ na mitambo yake. Ukumbi uwe na mfumo wa maneno unaodumu, na DJ apewe soketi yake ya ampea 32 kutoka ubao mkuu. Asiunganishe kwenye spika za ukumbi. Zile za inchi 15 mlizonazo zibaki za kukodisha, zikae juu ya stendi.

---

Kilowati

Muungurumo wa laptop: chaji inaleta njia ya pili ya ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), na mkondo unapita kwenye waya wa sauti. Wekeni boksi la kutenganisha lenye transfoma kati ya laptop na miksa, dogo tu. Msikate pini ya ethi ya plagi. Inanyamazisha mlio na inamwacha mshika maiki akiwa njia ya umeme kwenda chini.

Fundi umeme mwenye leseni apime ethi ya jengo. Mkiwa karibu na bahari, klampu ya kwenye rodi ya ethi iliyozikwa huliwa na kutu. Ifukueni muione kwa macho. Mitambo yote ya sauti ichukue umeme kwenye laini moja, kupitia kidhibiti volti chenye kuchelewesha, ili umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo usipige miksa. Kuwasha: miksa kwanza, spika mwisho. Kuzima ni kinyume.

Waya za spika, kama ni za amplifaya ya nje: mita 30 za unene wa milimita za mraba 0.75 zinakula zaidi ya robo ya nguvu kwa spika ya omu 8, za 2.5 zinakula kama sehemu ya kumi. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukitokea mweupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, urudishe dukani.

Maiki za mtumba: soma masafa yaliyoandikwa mgongoni. Marekani ilizuia za megahezi 700 tangu Juni 2010, na nyingi za 600 tangu Julai 2020, kwa hiyo huenda nyingi ziliuzwa nje. Za 700 na 800 zinagongana na minara ya simu. Ulizeni TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) masafa yanayoruhusiwa kabla ya kununua nyingine. Mbili nzuri zinawatosha, na mbili za waya. Kila mkiongeza maradufu maiki zilizo wazi mnapoteza desibeli 3 kabla ya mlio kuanza, kwa hiyo nne wazi ni hasara ya 6. Isiyotumika izimwe, na asiyezoea asikumbatie kichwa cha maiki kwa kiganja.

---

Mlezi_wa_Ukumbi

Asanteni sana. Fedha haziwezi kufanya yote mwaka huu. Nini kitangulie?

---

Fundi_Mwangwi

Ethi na laini za umeme, kisha paneli na mapazia, kisha taa. Hizo spika mbili zipandisheni kwenye stendi kwa sasa. Nguzo nne na miksa mwaka unaofuata, projekta mwisho.

Paneli za ukuta wa nyuma zikishafungwa, rudi jukwaani upige kofi lile lile. Ukisikia bado pigo la pili, angalia kama mlango mkubwa wa nyuma umeachwa mtupu; uso wa mita nne za mraba wa mbao ngumu unatosha kulirudisha. Pazia zito la kuvuta mbele yake linamaliza.