Kontena za viwanda vya Arusha na Moshi: tulazimishwe Tanga au tuendelee na Mombasa?

Mleta mada, Njiro
Wakuu habari za jioni. Kuna hoja inazunguka tena kwenye magrupu ya wafanyabiashara huku Chuga, kwamba serikali iwekee tozo ya kuumiza kontena zote za viwanda vya Arusha na Moshi zinazoshukia Mombasa, ili watu wote wahamie bandari ya Tanga. Wanasema hela imeshamwagwa pale, shilingi bilioni 429, gati lina mita 450, kina kimechimbwa kutoka mita 3 mpaka 13, meli inafunga gatini wakati zamani ilikuwa inatia nanga huko kilomita 1.7 mzigo unashushwa kwenye matishari ndio uletwe nchi kavu, yani unapakuliwa mara mbili na unalipa mara mbili. Hapo sibishi. Anayesema Tanga haijabadilika hajafika siku nyingi.

Ila kulazimisha napinga. Mimi ni dalali wa magari, kazi yangu kumkutanisha mwenye mzigo na mwenye semi, gari zima, sio vifurushi. Watu wanabishania kilomita: Mombasa mpaka Voi kama 150, Voi mpaka Taveta kama 110, kutoka mpakani Holili mpaka hapa Arusha nyingine 110, jumla 370. Tanga ni 430 na kidogo. Dar 640. Sasa tofauti ya Mombasa na Tanga ni kilomita 60, hiyo ni mafuta ya kwenda Moshi tu, haiwezi kumfanya mtu avuke mpaka na kusumbuana na makaratasi ya nchi mbili. Wanavuka kwa sababu meli za Mombasa zinajulikana zinaingia lini, na kwa sababu gari likishusha Arusha linapata cha kurudi nacho. Bei ya gari zima inapangwa na mzigo wa kurudia, sio umbali. Semi ikijua itarudi na vitunguu vya Mang'ola mpaka soko la Kongowea, Mombasa, inakupa bei ya kishkaji, ikijua inarudi na boksi tupu, yani kontena bila mzigo, inakupiga safari mbili. Nakaribisha mawe.

Mzalendo wa Majengo
Yani nyie ndio mnatajirisha bandari ya watu af mnakuja kulia hakuna ajira Tanga. Mwezi wa tano 2020 kipindi cha korona madereva walikwama Holili na Namanga kisa vipimo, mmesahau? Machi 2021 wakazuia mahindi yetu kisa sumukuvu, magari yamejipanga na mzigo juu, mmesahau pia? Mtu mwenye mlango wake anaufunga akijisikia. Weka tozo, tutazoea.

Dereva, Himo
Mleta mada umeongea ya kijiweni ngoja niongee ya barabarani. Mombasa ukipakia jioni unakutana na foleni mpaka Mariakani kwenye mizani, ukitoka hapo ni usiku kucha nyuma ya malori ya Nairobi mpaka Voi ndio unakata kushoto Mwatate. Toka walivyoweka lami kule Maktau mpaka Taveta safari imekua nzuri sio siri, ila usiku tembo anakaa katikati ya barabara na wewe unazima taa unasubiri kama mgeni sebuleni, hakuna cha kupiga honi. Mpakani tangu kituo cha pamoja kianze 2016 unasimama Holili tu, Taveta unapita, zamani ilikua unagonga muhuri kule unakuja kugonga huku. Kama mwenye mzigo amelipa ushuru mapema na sili ipo salama saa chache umetoka.

Tatizo letu sisi ni kurudisha boksi. Nimelala Mombasa siku nne ndani ya gari nasubiri kupokelewa kontena tupu kwenye yadi moja (siitaji), mara yadi imejaa, mara njoo kesho na karatasi nyingine, posho ya safari imeisha siku ya pili, tanboy wangu (utingo) anakula kwa mkopo kwa mama ntilie. Bosi anasema demareji, ile faini ya kuchelewesha kontena, ni ya mwenye mzigo, mwenye mzigo anasema ni ya bosi. Mimi nikitumwa Tanga nitaenda leoleo, nalala Korogwe kwa shemeji yangu.

Kiwanda kidogo, Unga Ltd
Naleta chengachenga za plastiki, kontena mbili au tatu kwa mwezi, mbili zikichelewa mashine zinalala na wafanyakazi nawalipa vilevile. Nilijaribu Tanga. Gatini hawakunisumbua hata kidogo, walinitoa haraka kuliko nilivyotegemea. Kilichonimaliza ni huko baharini, mzigo ulifika bandari nyingine ukakaa unasubiri meli ndogo ya kuuleta Tanga, na kwenye kusubiri huko hakuna mtu wa kumpigia simu, wakala wangu kila siku ananiambia wiki ijayo mzee. Mombasa wanapitisha kontena zaidi ya milioni moja na nusu kwa mwaka, meli ya wiki hii ikikukosa ipo ya wiki ijayo. Ukiniwekea tozo leo hiyo tozo inaingia kwenye bei ya ndoo na beseni, atailipa mama wa Kilombero sokoni.

Mleta mada, Njiro
@Mzalendo hoja ya mlango kufungwa naikubali, ni nzito kuliko ya uzalendo. Ila jibu lake ni kuwa na milango miwili. Wewe unataka tujifungie mmoja sisi wenyewe.

Mzee wa Kiboriloni
Vijana shikamooni za wakubwa mnipe baadae. 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mpaka ulifungwa mpaka 1983, nilikua utingo. Taveta tunaiona kwa macho, mtu ana dada yake kaolewa kule na haendi kumzika mkwe. Kwahiyo huyo kijana wa Majengo msimcheke. Lakini pia niwaambie, Tanga ilikua ndio bandari ya huku kabla ya Mombasa kuzoeleka, reli ya Tanga ilifika Moshi 1911 na Arusha 1929, mkonge na kahawa vyote vilishuka kule. Treni ikafa miaka mingi, 2019 imerudi Moshi, 2020 imerudi Arusha, watu wakapiga picha. Mnabishania malori, hilo behewa la mizigo hamlitaji hata mmoja, ama kwa sababu dalali hapati kitu kwenye behewa?

Mleta mada, Njiro
Mzee wangu shikamoo, hapo kwenye dalali umenigonga kifuani 😂 Nakiri behewa halinipi asilimia. Ila behewa likishusha stesheni bado unahitaji gari la kupeleka kiwandani.

Dereva, Himo
Kuna kitu hamkiongelei. Magari ya saruji yanapanda kutoka Tanga yamejaa kila siku, yanashusha Moshi na Arusha, kushuka yanashuka matupu. Ukiwa na mzigo wa KUSHUKA kwenda Tanga unapata gari bei ya kutupa, dereva anakubembeleza wewe. Ukitaka gari ya KUPANDA ndio unagombania na saruji. Kwahiyo Tanga ingeanza na mzigo wa kwenda nje, kahawa, maharage, parachichi, hapo hata tozo haihitajiki.

Mama Parachichi, Siha
Dereva Mungu akubariki umeongea point lakini parachichi sio maharage. Mimi nahitaji kontena la baridi, umeme wa kulichomeka bandarini, na meli inayoondoka siku iliyosemwa, tunda likikaa siku sita zaidi mnunuzi kule Ulaya anakata hela au anakwambia limeiva njiani asante. Ndio maana tunaenda Mombasa, sio mapenzi. Na inauma, matunda yametoka Siha, yamechumwa na kina mama wa Siha, yakifika huko yanajulikana ni ya Kenya. Nileteeni meli ya uhakika Tanga kila wiki, hata kama ni moja, mimi nahama kesho asubuhi na jirani zangu wote. Mkinilazimisha kabla ya meli narudi kulima mahindi.

Mzalendo wa Majengo
Meli haiji mahali hakuna mzigo mama. Ndio maana nasema lazimisha mzigo kwanza.

Mama Parachichi, Siha
Na mzigo unaoza ukisubiri meli baba. Wewe una gari la kusubiria?

Mleta mada, Njiro
Mzalendo hapo kidogo umenibana, ni kweli meli inafuata mzigo. Nabadilisha msimamo robo: viwanda vikubwa vinavyoleta kontena nyingi kwa mwaka vikubaliane na bandari, vijifunge kwa hiari kupeleka kiasi fulani Tanga kwa mpango, wapewe muda mrefu wa kuhifadhi bure, meli ipate sababu ya kuja kwa ratiba. Serikali ipunguze kule badala ya kuongeza huku. Mwenye kontena mbili kama jamaa wa Unga Ltd aachwe apite anapoweza. Na hao wanaosema gari za namba ya Kenya zinatuibia kazi, kumbukeni haziruhusiwi kubeba mzigo wa ndani, haiwezi kutoka Arusha na mzigo wa Dar, na mizani ni ileile, sheria ya Jumuiya ya 2016, tani 56 mwisho, gari na mzigo wake, sisi tumeanza kuitumia Machi 2019. Wanatushinda kwenye mzigo wa kurudia tu.

Kiwanda kidogo, Unga Ltd
Muda wa bure Tanga nauunga mkono, hiyo naelewa kwenye hesabu.

Mzee wa Kiboriloni
Na behewa.

Mleta mada, Njiro
Na behewa mzee, nimeandika. Samahani kutoka nje ya mada, nani ana semi Mombasa jumanne? Boksi moja la futi 40, tani 26, linashuka Moshi. Kurudi kuna maharage, mwenye kontena ameshakubali yapakiwe humohumo.

Dereva, Himo
Njoo pm. Ila ile yadi siendi.