Nembo ya jina kutokana na nanga: ipi kati ya hizi tatu?

Jina_na_Nanga: Wadau, nembo ni ya jina binafsi linaloanza na J, na alama ni nanga, kwa maana ya kutotetereka. Itakaa kwenye ikoni ya tovuti, picha ya wasifu, muhuri wa mpira na kofia ya kudariziwa. Njia ziko tatu: nanga kamili na kamba yake, nanga iliyopunguzwa, au J iliyogeuzwa nanga. Ipi?

KalamuNyeusi: Kamili ifute, angalau kwa kazi ndogo. Piga hesabu: ikoni ya kivinjari ni pikseli 16 kwa 16. Pete ya nanga itapata kama 4. Ukingo unakula 1 kila upande, tundu linabaki 2. Kamba ndiyo inakuwa doa tupu. Kwenye kofia, mstari wa chini ya milimita 1 uzi hauutoi vizuri, na kwenye muhuri wino huziba matundu.

PikseliKavu: Naunga mkono. Iliyopunguzwa basi, ila si kwa kubahatisha. Ichore upya mara kadhaa, kila mara ondoa kitu kimoja. Kamba ikitoka, hakuna anayeiulizia. Ncha kali zikitoka, bado ni nanga. Mikono miwili ya chini ikitoka, umebaki na kitu kama ufunguo. Kumbe maana imekaa mikononi. Hapo ndipo pa kuongeza unene. Na nafasi tupu isiwe nyembamba kuliko mstari.

WinoMzito: Nanga ya hivyo wanayo wengi mno. Mimi nasema J. Mtego wake ni mmoja: J ukiitia pete juu inakuwa ndoano, na maana inageuka, badala ya kutulia inanasa! Achana na pete. Weka kijiti cha mlalo juu, ambacho J nyingi zinacho tayari, kisha ongeza mkono wa kulia, nusu ya ule wa kushoto. Mikono ikilingana, J imepotea.

PikseliKavu: Nusu haitaonekana kwenye ikoni, mkuu. Theluthi mbili.

WinoMzito: Kwa toleo dogo, sawa. Kubwa libaki nusu.

FundiVekta: Anza kwa rangi nyeusi pekee, umbo likishindwa hapo, rangi haitaliokoa. Chora kwa vekta, yaani mchoro unaokuzwa bila kuchakaa (programu ya Inkscape ni ya bure), kisha geuza mistari na herufi kuwa maumbo kabla ya kutuma faili la SVG (aina ya faili la vekta), maana mchapaji asiye na fonti yako atapata J nyingine kabisa. Nanga ni alama ya kawaida, kwa hiyo pitia kwanza kanzidata ya nembo ya WIPO, Shirika la Miliki Bunifu Duniani. Picha ya wasifu hukatwa duara: nembo ikae ndani ya asilimia 70 ya upana. Usiamini kitufe cha kuweka katikati, kwani hupima kingo za nje tu, na nguzo ya J yenu itaonekana imeegemea kulia. Isogeze kwa jicho.