Mjadala: Je, siasa za chuo ziwe kigezo cha kuchagua pa kusoma?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa uzito wake, maana nyumbani limetugawa. Mpwa wangu amepata nafasi vyuo viwili. Kozi ni ileile, ada hazipishani sana. Dada yangu, mama yake, amekifuta kimoja baada ya kuona video ya wanafunzi wakiandamana na mabango yaliyomuudhi. "Simpeleki mwanangu akalishwe siasa," amesema. Kaka yetu mkubwa yeye anaona siasa za chuo ni kelele tu: kijana atazame kozi, ada na ajira, basi.

Kwa maoni yangu wote wawili wamekosea, ila kosa la dada ni dogo kuliko la kaka. Siasa za chuo zipimwe, tena kabla ya kulipa ada. Tatizo la dada ni kipimo. Anauliza chuo kinaegemea upande gani, wakati swali lenye maana ni jinsi anavyotendewa pale mtu mwenye mawazo ya peke yake.

Nilimsindikiza mpwa wangu kwenye vyuo vyote viwili. Kwenye kile cha maandamano tuliruhusiwa kukaa nyuma katika semina ya uchumi. Mada ilikuwa kima cha chini cha mshahara. Kijana mmoja akapinga, akasema kikipandishwa kuna watakaokosa kazi kabisa. Darasa likaguna. Mhadhiri hakumkatisha wala hakumtetea, aligeuka ubaoni, akaiandika hoja kwa maneno yaleyale ya kijana, akauliza, "Nani anaijibu hii?" Walivutana karibu dakika ishirini, na kijana akajibu mapigo. Tulipotoka, niliwaona yeye na aliyembishia zaidi wakishuka ngazi pamoja, bado wanabishana.

Chuo cha pili kimetulia, hakuna bango hata moja. Mhadhiri aliuliza swali kama lile. Wanafunzi wakaangaliana kwanza, halafu macho yakarudi kwenye madaftari. Mmoja akatoa jibu ambalo haliwezi kumuudhi mtu yeyote. Baadaye kwenye korido binti mmoja alitueleza anachokiamini kweli, lakini kabla ya kufungua mdomo alitazama mlango kama umefungwa. Dada anauita ule utulivu. Niliyekuwepo pale niliona woga, na sioni mtu atajifunzaje kufikiri mahali anapochunga mlango.

Halafu kuna suala la sifa. Jina la chuo kisiasa linaweza kukupoteza njia. Chukua Berkeley, Marekani. Septemba 1964 uongozi ulipiga marufuku meza za kampeni za kisiasa pale chuoni, Oktoba polisi wakamkamata mwanaharakati Jack Weinberg aliyekuwa kwenye meza mojawapo, na wanafunzi wakalizunguka gari la polisi akiwa ndani kwa saa 32. Desemba mwaka huohuo baraza la wahadhiri lilipiga kura 824 kwa 115 kuunga mkono madai ya wanafunzi. Jina la chuo cha uhuru wa kusema likazaliwa hapo. Lakini Februari 2017, kwenye chuo hichohicho, mhadhara wa Milo Yiannopoulos, mchambuzi mchokozi wa mrengo wa kulia, ulifutwa baada ya vurugu na moto. Hata kama humkubali msemaji yule (mimi simkubali), aliyekwenda Berkeley kwa kuamini hadithi ya 1964 peke yake alikuwa na la kushangaa.

Na upepo hugeuka mwanafunzi akiwa yumo ndani. New College of Florida, chuo kidogo cha umma kilichojulikana kwa mrengo wa kushoto, kilipata wajumbe sita wapya wa bodi walioteuliwa na gavana wa jimbo, wa mrengo wa kulia, Januari 2023. Mwezi huohuo rais wa chuo akaondolewa, na Agosti bodi ikapiga kura kuanza kuifuta programu ya masomo ya jinsia. Aliyejiunga 2021 kwa sababu ya siasa za pale alijikuta katika chuo kingine bila kuhama bweni.

Kwa hiyo kaka naye asiseme ni kelele. Mei 2025 serikali ya Marekani iliinyima Harvard kibali cha kudahili wanafunzi wa kigeni, ambao ni zaidi ya robo ya wanafunzi wake. Mahakama ilizuia hatua hiyo kwa muda siku iliyofuata. Fikirieni mwanafunzi ambaye hajawahi kushika bango, anashinda maabara, na usiku mmoja analala hajui kama viza yake itakuwa na maana. Anayekwenda kusoma ugenini lazima apime siasa za chuo na za serikali iliyo juu yake. Hapo simlaumu mzazi hata kidogo.

Mimi ningesoma kanuni za nidhamu kabla ya kusoma kipeperushi chenye picha za bustani. Nani anaweza kumsimamisha mwanafunzi masomo, kwa kosa gani, na anasikilizwa kabla au baada ya adhabu? Gazeti la wanafunzi linaruhusiwa kuukosoa uongozi? Na ningemtafuta mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliye wachache kimawazo pale, nimuulize ana marafiki wangapi nje ya kundi lake.

Dada amekubali kwenda kukaa kwenye ile semina mwenyewe wiki ijayo, ingawa bado ana kinyongo na ile video. Nataka kusikia kutoka kwenu mliosoma mahali ambapo mawazo yenu yalikuwa ya wachache. Mlisema au mlinyamaza? Na iliwagharimu nini: alama, marafiki, au nafasi yenyewe?