Kulala hemani kambi ya Mti Mkubwa, Kilimanjaro

Swali: Ndugu zangu, tutapanda Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho, na usiku wa kwanza tutalala Mti Mkubwa, msituni, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Je, mablanketi mawili yatatosha?

Jibu: Hayatatosha, ndugu, chukua mfuko wa kulalia na godoro jembamba la sponji, kwani baridi kali hutoka ardhini. Mimi niliamshwa alfajiri na matone usoni, nikadhani hema linavuja, kumbe ni mvuke wa pumzi zetu, kwa sababu tulikuwa tumeziba matundu yote ya hewa.

Jibu: Ni kweli. Moto wa kuni hauruhusiwi hifadhini, na chakula kifungwe vizuri: mbega hubaki mitini, lakini kima hawana adabu.