Mrejesho: Wasifu wa marehemu mume wangu

Ndugu zangu, niliwauliza niandikeje wasifu wa marehemu mume wangu, maana kila nilichoandika kilikuwa tarehe tu: kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, kufariki. Mkanishauri niwaombe waliomfahamu wanitajie jambo mojamoja walilomwona akilitenda. Asanteni mno, ushauri huo ndio ulionivusha.

Binti yetu mkubwa alisimulia jinsi baba yake alivyokuwa akimsuka nilipokuwa zamu ya usiku. Mistari ilikwenda upande, lakini hakukubali mwanawe aende shule na nywele timtim. Miaka yote hiyo sikujua! Kitinda mimba hakusema kitu. Aliniletea redio waliyoitengeneza pamoja, kifuniko kimeshikwa kwa mpira, na bado inaongea. Vyote viwili nimeviandika kama vilivyo. Tarehe zimebaki aya moja, na naona ndivyo inavyompasa mtu kama yeye.

Kwa mlioniuliza kuhusu sauti yake: jumbe za sauti nimezihamishia kwenye kompyuta, na nakala nyingine anayo shemeji, kwani simu ikiharibika au kupotea zinaweza kwenda nayo. Picha za zamani tunaziandika majina nyuma kwa penseli laini, si kalamu ya wino, kwa sababu wino huweza kupenya upande wa pili. Mama mkwe ndiye anayetutajia waliomo. Kazi inakwenda polepole, maana kila picha ina kisa cha mwanawe na hakuna anayethubutu kumkatiza.