Kutoka Koboko hadi Ntinda: nishukie wapi, na teksi nitaijuaje?

Bint_Koboko
Habari zenu ndugu. Jumapili usiku napanda basi kuja Kampala. Nina mafunzo ya miezi 3 Mulago, na nitalala kwa dada yangu Ntinda. Mji siujui kabisa. Nishukie wapi? Teksi (basi dogo la abiria) ya Ntinda nitaitambuaje? Na nikipotea mjini, nijue vipi niko upande gani?

Abdu_Wandegeya
Karibu dada. Usingoje basi lifike mwisho wa safari. Mabasi ya West Nile, kwenu huko, huingia kwa barabara ya Bombo: utapita Bombo, Matugga, Kawempe, Bwaise, halafu Wandegeya, na baada ya hapo ndipo yanateremka kwenye msongamano wa mjini. Mulago na Wandegeya ni pua na mdomo. Mkifika Matugga, mwambie kondakta kwamba unashukia Wandegeya kwenye taa za barabarani. Ukingoja hadi Bwaise utakuwa umechelewa. Mzigo wako uwe mdogo, ukae nao ndani, kwa sababu kilichomo kwenye buti hufukiwa na magunia ya watu wa mwisho wa safari, na dereva hatasimama wayachambue.

Kutoka Wandegeya unafika raundabauti ya Mulago kwa miguu. Hapo ndipo Kira Road inapoanzia, inapita Makumbusho ya Uganda, Kamwokya, Bukoto, hadi Ntinda. Hiyo ndiyo njia yako ya kila siku, ishike hiyo kwanza.

Nalongo_Bukoto
Naongeza la teksi, maana hapo ndipo wageni wengi hukwama. Ntinda ina njia mbili: moja hupita Kamwokya na Bukoto, nyingine hupita Jinja Road na Nakawa. Zote kondakta anaita "Ntinda! Ntinda!" na zote zitakufikisha, lakini ya Nakawa haigusi Mulago. Asubuhi ukitoka Ntinda, kabla hujakaa muulize, "Unapita Bukoto? Unafika raundabauti ya Mulago?" Akikujibu kwa kukuvuta mkono tu, ngoja inayofuata.

Halafu masikio. Kwa Kiganda, k ikifuatwa na i au y hutamkwa karibu na ch. Kwenye ramani utasoma Kamwokya, kondakta anaita "Kamwocha". Kireka ni "Chireka", Kisaasi ni "Chisaasi". Wengi huachwa stegi (kituoni) wakisubiri jina walilolisoma, na teksi yao imeshapita mara tatu. Pia kuna majina mengi ya Na-: Nakawa, Naalya, Najjera, Natete, Nansana. Natete iko magharibi kabisa, Naalya mashariki. Omba uandikiwe jina kwenye simu, kisha lionyeshe.

Kushuka unasema "maaso awo", yaani hapo mbele. Sema kabla ya kufika stegi, si ukiwa juu yake. Nauli uliza abiria jirani kabla kondakta hajaanza kukusanya: "Ssente mmeka?" Mvua ikinyesha na saa za jioni hupanda, hilo ni la kila mtu. Beba noti za 1,000 na 2,000. Ukitoa 50,000 kwa safari fupi, chenji utaidai hadi mwisho wa njia. Na simu usiishike dirishani kwenye foleni.

Ramani_Kichwani
Majina ya barabara huku hayasaidii sana, hata wenyeji hawayatumii. Kampala ni vilima, jifunze kuvitazama. Anza na Kampala Road, ile yenye Posta Kuu na Benki Kuu. Ukiiacha unapanda, unaelekea Nakasero: ofisi, hoteli, balozi. Ukiiacha unateremka, unaelekea bondeni: Luwum Street, Ben Kiwanuka Street, Old Taxi Park, soko la Owino, mfereji wa Nakivubo. Kwa hiyo ukipotea kwenye maduka ya chini, panda tu. Mwinuko utakurudisha Kampala Road.

Juu ya vilima kuna alama. Mnara mrefu wa msikiti ni Old Kampala. Kanisa la matofali mekundu lenye kuba ni Namirembe. Minara miwili pamoja ni Rubaga. Ukiviona vyote mbele yako, unatazama magharibi, na Ntinda iko nyuma ya mgongo wako.

Mtu wa boda akisema "naijua" kabla hujamaliza kutaja mahali, mwambie akurudishie alama ya karibu. Hawezi? Mpe dada yako kwa simu waelewane, na bei iafikiwe kabla hujapanda.

Bint_Koboko
Asanteni sana. Basi likifika alfajiri kabla hapajakucha, je?

Abdu_Wandegeya
Usitembee na mzigo gizani, hata kama raundabauti ni karibu. Simama kwenye kituo cha mafuta chenye taa na mlinzi, uagize gari kwa programu ya simu ukiwa hapohapo. Likija, linganisha namba ya gari na ile ya kwenye simu, na dereva ndiye ataje jina lako, si wewe umtajie. Ukiamua kungoja teksi, jua huchomoza karibu saa 1 kasoro robo, na wakati huo Wandegeya imeshajaa watu. Pakua ramani ya Kampala kabla ya kuondoka Koboko, itafunguka hata bando likiisha njiani.