Tupeane uzoefu: simu imekusaidia nini shambani?

Wakulima na wafugaji wenzangu, heshima kwenu. Tupeane uzoefu wa kweli, uliokupata mwenyewe. Naanza.

Tuna kundi la WhatsApp la wakulima wa mahindi. Msimu uliopita mwenzetu alituma picha ya majani yaliyotobolewa, na kila mtu akamtajia dawa yake. Bwana shamba akaingilia: "Msinunue kitu. Nipigie picha ya kiwavi mwenyewe, kwa karibu, kichwa na mkia." Picha ilipokuja, kichwani palionekana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyokaa mraba. Kiwavijeshi vamizi, yule aliyeripotiwa Afrika mara ya kwanza mwaka 2016. Akishakua na kuzama katikati ya majani machanga, dawa haimfikii vizuri, kwa hiyo picha ya mapema ndiyo iliyookoa shamba lile. Haya, karibuni.

Mzee wa Mihogo: Mkuu, mimi natumia programu ya PlantVillage Nuru. Unaelekeza kamera kwenye jani la muhogo, inakuambia kama lina ugonjwa wa batobato au wa michirizi ya kahawia, hata pasipo na intaneti. Ila nawasihi, msiishie kwenye majani. Michirizi ya kahawia inaweza kuozesha mizizi huku majani yakionekana salama, kwa hiyo ng'oa shina moja moja ukate uone.

Mama Bustani: Kwetu kilichobadilisha mambo ni sauti. Kikundi chetu kina bibi zetu wasiojua kusoma, na ndio wanaojua mbegu za asili kuliko sisi wote. Walikuwa kimya mpaka tulipowaonyesha kitufe cha kurekodi. Siku hizi wao ndio wanatufundisha namna ya kuhifadhi kunde kwa majivu.

Kijana wa Nyanya: Mimi ni bei. Kabla sijavuna nauliza wenzangu wa masoko mbalimbali, dalali akija bei naijua tayari. Tahadhari moja: mbegu za mtandaoni usilipie kabla hujaziona. Nilituma hela, muuzaji akanifungia namba.

Pole sana, ndugu yangu. Wafugaji mbona kimya? Ng'ombe asiyeshika mimba hurudi kwenye joto, yaani kutaka kupandwa, baada ya siku 21 hivi. Nani anaweka kikumbusho kwenye simu, na kinamsaidiaje kumwita mhamilishaji, yule mtaalamu wa kupandikiza mbegu za dume, kwa wakati?